FUMO: JINA LA WAFALME WA PATE LILILOBAKIWA NA WACHACHE

Azaliwapo mtoto wa kiume katika nyumba zetu za pwani, kabla ya siku ya saba kufika jina lake huwa limeshagombaniwa na watu wasiopungua wanne. Babu mzaa baba ataka somo wake. Mama mtu amelichagua lake tangu mimba ilipokuwa ya miezi mitano. Shangazi ameliona moja katika simu, zuri, ambalo hapana jirani aliyekwisha kulitumia. Na maalim wa msikitini, akiulizwa, atasema muiteni Abdallah au Abdurrahman mpumzike, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hayo ndiyo majina yampendezayo mno Mwenyezi Mungu.

Katika zogo hilo, mara chache, na aghalabu katika nyumba zenye asili ya Pate, Siu, Faza au Amu, hutokea mzee mmoja akasema, "Muiteni Fumo." Hapo baraza lote hunyamaza. Wazee wengine hutikisa vichwa, ama kwa kuridhika ama kwa hofu. Vijana huangaliana.

"Mfumo wa nini, babu? Wa kompyuta?"

Watu hucheka, jina likapita, na mtoto akaitwa Rayyan. Sisemi kwamba Rayyan ni jina baya, hasha. Ni mlango wa peponi waingiao waliofunga. Lakini lile lililochekwa lina khabari yake, na khabari hiyo si ndogo wala si ya nyumba moja. Ni jina lililokaa juu ya viti vya enzi vya pwani ya kaskazini kwa karne kadhaa, likapigana na manuwari za Waingereza, na leo ukienda katika madarasa ya chuo, ya watoto wanaokariri juzuu amma, waweza kumaliza safu zote usimpate hata Fumo mmoja.

MAANA MBILI

Tuanze na lugha. Kamusi kongwe za Kiswahili hulitaja neno fumo kwa maana mbili. Ya kwanza ni mkuki, khasa ule wenye bapa pana. Kitenzi chake ni kufuma, yaani kupiga kwa mkuki au kwa mshale, kule kwa mwindaji, wala si kule kwa mfumaji wa kofia, ingawa sauti ni moja. (Kufumania nako kupo, lakini makala haya ni ya majina ya watoto, basi tuliwache.) Maana ya pili ni mkuu wa watu, mtawala.

Wako wasemao kwamba maana ya pili imezaliwa na ya kwanza: mtawala alikuwa akitembea na mkuki wake, watu wakamwita kwa silaha yake. Ni hoja tamu, na sisi watunga mashairi tunapenda hoja tamu, lakini mimi siiridhii. Sababu yangu ni kwamba neno hilo la cheo limetapakaa mbali na kwetu. Wachewa wa Malawi na Zambia humwita mtawala wao mfumu. Wakongo, kule upande wa bahari ya magharibi, nao husema mfumu. Na padri wa Kireno, João dos Santos, aliyekaa katika nchi za mto Zambezi na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1609, aliandika kwamba wakuu wa wenyeji wa huko huitwa "fumo". Watu wote hao hawakuja kuazima cheo Pate. Ni yakini basi kwamba cheo hiki kina ukoo wake katika lugha za Kibantu, nao mkuki una ukoo wake, yakakutana kwa sauti tu.

Tena msomaji aliyesoma chuoni atalifahamu jambo jengine ambalo wasomi wa herufi za Kizungu huweza kulipita. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na katika herufi hizo "o" na "u" zote mbili ni dhumma. Fumo na fumu, ukiyaandika kwa kalamu ya mwanzi, ni neno moja. Kwa hivyo mtu akiona katika hati ya zamani jina la mtawala wa Pate hawezi kuapa kwamba mwandishi alitamka "Fumo" au "Fumu". Sisi tumelipokea kwa mdomo, na mdomo umetupa Fumo.

LIYONGO

Ukimwambia Mswahili yeyote neno Fumo, atakalolijibu ni Liyongo. Na wengi hudhani kwamba Fumo lilikuwa jina lake na Liyongo jina la babake. Sivyo. Liyongo ndilo jina. Fumo ni cheo kilichotangulizwa mbele yake, kama tusemavyo Sultani fulani au Amiri fulani.

Kisa chake sina haja ya kukirudia chote, maana hapana mtoto wa pwani asiyesimuliwa. Alikuwa shujaa na mtunzi, mtu wa upande wa Ozi na Shaga, aliyeogopwa na mtawala wa Pate. Akafungwa gerezani, mamake akampelekea mkate wa wishwa uliotiwa tupa ndani yake, akaomba ngoma ya gungu ipigwe nje ili sauti ya matari na matoazi ifunike sauti ya tupa ikikata pingu. Akatoka. Na mwisho akauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Mtu aliyeitwa kwa jina la mkuki, na mkuki haukumuweza.

Mwaka gani alioishi Liyongo wanachuoni hawajakubaliana. Wako wanaomrudisha nyuma sana na wako wanaomsogeza karibu, na baina yao kuna mamia ya miaka. Tunachokijua ni kwamba khabari zake zilikuwa zimeenea vya kutosha hata Askofu Edward Steere, alipochapisha hadithi zake za Kiswahili mjini London mwaka 1870, akazitia ndani. Kisha mwaka 1913, huko Amu, Muhamadi Kijumwa, mwandishi wa hati na fundi wa kuchonga milango, akatunga utenzi wake wa Liyongo ambao ndio uliosomwa skuli na ndio uliolihifadhi jina hili katika vichwa vya watu wasiowahi kukanyaga Ozi.

Lakini utenzi huo huo, kwa maoni yangu, umelidhuru jina kwa namna moja. Umelifanya liwe la mtu mmoja. Fumo limekuwa kama kilemba cha Liyongo, kitu cha kutazamwa katika kabati, hapana anayethubutu kukivaa. Mtu humwita mwanawe Yusuf asijione kwamba anamfananisha na Nabii, lakini akitajiwa Fumo husema, "Loo, mimi nimzae Liyongo?"

WANABAHANI

Ilhali waliolivaa ni wengi. Masimulizi ya Pate yanasema kwamba Wanabahani walitoka Omani, wakafika Pate wakamkuta mwenyeji mtawala, mkubwa wao akamuoa binti wa mwenyeji yule na kupitia kwake akapewa utawala. Tarehe za masimulizi hayo, ambayo huanza kuhisabu tangu mwanzo wa karne ya 13, wanachuoni wa leo huzitilia shaka, nami siwalaumu. Lakini angalia jambo hili: watu waliojinasibu na Waarabu wa Omani, wenye nasaba walizokuwa wakizihisabu kwa vidole, walipokaa katika kiti cha Pate walijitwalia cheo cha Kibantu. Cheo walikikuta. Waliona kwamba ndicho raia wakijuacho, wakakivaa.

Ndivyo tunavyopata majina yale yaliyogandana kama chokaa na jiwe: Fumomadi, Fumoluti, Fumo Bakari, Fumo Omari. Madi ni Muhammad aliyefupishwa kwa ulimi wa kaskazini. Bakari ni Abubakar. Yaani jina la dini limefungamana na cheo cha nchi, wala hapana aliyeona kwamba kimoja kinamtoa mwenziwe.

Utendi wa Tambuka, ambao ni katika tendi kongwe kabisa tulizonazo kwa maandishi, hati yake ikiwa ya mwaka 1728, ulitungwa na Bwana Mwengo kwa amri ya mtawala wa Pate, Fumo Laiti Nabahani, katika jumba la Yunga. Kwa hivyo mwenye jina hili ndiye aliyetaka, na mshairi akatunga. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo ya 18 alitawala Fumomadi, ambaye Wapate humtaja kuwa wa mwisho aliyekuwa na nguvu kamili. Alifariki mwaka 1809, na baada yake wenyewe kwa wenyewe wakagombea kiti. Yapata mwaka 1812 jeshi la Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa likashindwa Shela na watu wa Amu, na tangu siku hiyo Pate haikusimama tena kama ilivyokuwa.

Waliobaki wa ukoo huo walisukumwa na nguvu za Zanzibar hata wakavuka bara. Ahmad, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, akajenga Witu ndani ya msitu katika miaka ya 1860. Mwaka 1885 akafungamana na Wajerumani, akitaraji kwamba watamkinga na Sultani wa Unguja. Alipofariki akaketi Fumo Bakari. Mwaka 1890, tarehe 1 Julai, Wajerumani na Waingereza wakatiliana saini mkataba huko Ulaya, na Witu ikapewa Waingereza kama mtu anavyompa mwenziwe sahani. Fumo Bakari hakuulizwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo wakauawa Wajerumani kadhaa mjini mwake. Mwezi wa Oktoba Admirali Fremantle akashusha askari wake pwani, wakaenda kwa miguu hata Witu, wakaichoma moto. Fumo Bakari alikimbilia msituni, na Januari 1891 akafariki. Nduguye, Fumo Omari, aliendelea kupambana katika misitu ile, na mwaka 1893 Waingereza wakapeleka jeshi jengine kuzivunja boma za Pumwani na Jongeni.

Hapo ndipo ulipokatika mnyororo. Kiti kilipoondoka, cheo kilibaki bila ya mwenyewe. Na cheo kikikosa mwenyewe huwa mojawapo ya mawili: hufa, ama hugeuka jina la kawaida. Fumo limekaa baina ya hayo mawili kwa zaidi ya miaka 130.

Yapo mabaki. Yule mzee aliyewasimulia Wazungu khabari za Pate mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye masimulizi yake Kapteni Stigand aliyatia katika kitabu chake cha mwaka 1913, alikuwa akiitwa Bwana Kitini. Jina lake khasa ni Muhammad bin Fumo Omari, Mnabahani. Kwa hivyo tarikhi ya Pate tunayoisoma leo imepita katika kinywa cha mwana wa Fumo.

"FUMO WA WAPI WEWE?"

Kuna jambo hatulipendi kulitaja, lakini bila ya kulitaja khabari hii haikamiliki. Majina katika miji yetu ya zamani hayakuwa ya kila mtu. Muungwana alikuwa na yake, na mtumwa alipewa yake. Mtumwa aliitwa Mabruki, Baraka, Feruzi, Almasi, Marijani; majina mazuri ya kheri na ya vito, ila aliyeyatoa alikuwa mwenye mali, wala si mzazi. Mtu wa namna hiyo angelimwita mwanawe Fumo angelichekwa, na pengine kupigwa. Hata muungwana asiyekuwa wa nyumba ya enzi angeliulizwa, "Fumo wa wapi wewe?"

Utumwa ulipigwa marufuku kwa sheria katika pwani yetu mwaka 1907. Swali lile halikupigwa marufuku. Nimelisikia mimi mwenyewe, miaka si mingi iliyopita, barazani hapa Mombasa, kijana mmoja wa Majengo alipotaja kwamba amelipenda jina hili kwa mwanawe. Mzee mmoja wa visiwani, mtu mpole kwa mengine yote, akamwambia:

"Mwanangu, jina hilo lina wenyewe."

Kijana akamjibu kwa adabu, "Ami, wenyewe wako wapi? Nimewatafuta niwaombe rukhsa, sikuwapata. Wajukuu wao ni kina Ryan."

Mzee alicheka mwisho, lakini hakukubali. Na mimi niko upande wa kijana. Nina sababu ya tarikhi. Witu ya Simba ilikuwa kimbilio la watoro. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikwenda huko wakapewa mahali pa kukaa, na ni mojawapo ya mambo yaliyoifanya Zanzibar iuchukie mji ule. Sisemi kwamba watawala wa Witu walikuwa mawalii. Mji ule ulikuwa na unyang'anyi wake na watumwa wake pia. Nasema tu kwamba katika zile siku za mwisho za jina hili, waliojenga nyumba chini ya kivuli chake walikuwa mchanganyiko wa watu, Waswahili na watoro na Waboni na wengineo. Kama walikuwa na haki ya kufa kwa ajili ya Fumo, wajukuu wao wana haki ya kuitwa Fumo.

JE, DINI YASEMAJE?

Hili ndilo swali la wengi, na ndilo linaloliondoa jina mezani haraka zaidi kuliko jengine lolote. "Si la Kiislamu," husema mtu, na mazungumzo yakaisha.

Tusemezane polepole. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tuwape watoto majina mazuri, na aliyabadilisha yale yenye maana mbaya. Alikuwako binti aliyeitwa Asiya, akamwita Jamila. Huyo si Asiya mke wa Firauni, ambaye jina lake ni la hamza na sini. Yeye alikuwa wa aini na sadi, maana yake mwenye kuasi, na ndiyo sababu likabadilishwa. Kipimo basi kilikuwa maana. Vilevile alikataza jina la "mfalme wa wafalme", kwani huyo ni Mwenyezi Mungu peke yake. Je, Fumo lina lolote katika hayo? Maana yake ni mkuu wa watu. Ni ndugu wa Amir, ni ndugu wa Sultan, ni ndugu wa Shee, ambalo kule Amu ni Sheikh aliyekatwa mkia. Majina haya matatu tunayaita watoto wetu kila wiki, wala hapana anayefungua kitabu.

Ama la kwamba si la Kiarabu, hapo mwenye kusema hivyo namrudisha darasani. Tulipokuwa tukisoma nahau, tulifunzwa kwamba Ibrahim, Ismail, Is-haka, Yaakub na Yusuf hayaingiwi na tanwini. Kwa nini? Kwa kuwa ni majina ya ajami, yaani si ya Kiarabu kwa asili. Nuh na Lut yakakubali tanwini kwa wepesi wake tu, herufi tatu na ya katikati ni sakini. Basi Manabii wenyewe, mengi ya majina yao yaliyomo ndani ya Msahafu, wanavyuoni wa Kiarabu wanayahisabu kuwa ya ugenini, na Mwenyezi Mungu (S.W.T.) akayateremsha kama yalivyo. Hakuwabadilisha.

Na wale wanaoliogopa kwa uchache wake, wanaosema "hapana mwengine anayeitwa hivyo", nawakumbusha khabari ya Nabii Zakaria katika Sura ya Maryam. Alipobashiriwa mtoto katika uzee wake, bishara ilimjia pamoja na jina, Yahya, na akajulishwa kwamba kabla yake hakuwahi kuwako mwenye jina hilo. Uchache wa jina ulitajwa pale kama karama.

Kisha kuna hili linalonichekesha na kunisikitisha pamoja. Tangu ilipotoka tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul, iliyoonyeshwa baina ya mwaka 2014 na 2019 na kutazamwa katika nyumba zetu mpaka uji ukaungua, nimekwisha kumsikia mtoto wa pwani aliyepewa jina hilo. Ertuğrul ni jina la Kituruki cha kale: "er" ni mwanamume, "tuğrul" ni ndege wa mawindo jamii ya kipanga. Hakuna Uarabu ndani yake hata wa kupaka. Alikuwa mkuu wa kabila, aliyebeba upanga, akazaa ukoo uliotawala. Yaani, kwa Kiswahili, alikuwa fumo. Jina la fumo wa Waturuki likapokewa kwa takbira, na la fumo wa Pate likaulizwa kama lina ruhusa.

LILIVYOPOTEA

Kupotea kwake hakukuja siku moja, wala hapana mtu mmoja wa kulaumiwa. Kuanguka kwa Witu ni sababu ya kwanza. Ya pili ni njema: mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Saleh na msikiti wake wa Riyadha waliifanya Amu kuwa kituo cha elimu na maulidi, na mapenzi ya watu kwake na kwa masharifu yakajaza nyumba majina kama Swaleh na Alwi. Mzazi aliyekuwa akitafuta baraka hakuwa na haja ya kurudi kwa wafalme waliokwisha kushindwa.

Ya tatu ni afisi. Tangu zilipoanza karatasi za serikali, majina yetu ya kaskazini yamekuwa yakipata ajali mikononi mwa makarani wasioyajua. Fumo likaandikwa Fuma, likaandikwa Famau, ambalo ni jina la watu wengine kabisa wa Siu. Mtu akichoka kusahihisha huwacha jina lililokosewa, au huliacha lote akatumia Muhammad peke yake, ambalo kila karani analijua.

Yu wapi leo wa kuliinua? Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitufunza kwamba neno la kale si maiti. Yeye aliyafukua maneno ya kaskazini akayapa kazi mpya, na runinga ni katika aliyotuachia. Ukoo wake mwenyewe ulikuwa huo huo wa Nabahani. Kwa maneno tumemsikiliza kidogo. Kwa majina ya watoto bado.

Mwenye kulitaka ana njia mbili. Ya kwanza ni kulitia peke yake, Fumo bin fulani, kama jina lolote. Ya pili, ambayo ndiyo ya Wapate wenyewe, ni kuligandamanisha: Fumomadi kwa anayetaka Muhammad, Fumobakari kwa anayetaka Abubakar. Mimi naipendelea hii ya pili, kwa kuwa inamridhisha babu na maalim kwa pamoja na huokoa siku nzima ya kuteta. Ila mzazi aandike neno moja tangu cheti cha kuzaliwa, maana likiandikwa mbalimbali mara moja tu, kitambulisho kitasema moja na pasi ya kusafiria itasema jengine, na siku ya kwenda Hija ndipo mtu atakapoijua thamani ya nafasi iliyoachwa baina ya herufi mbili.

Wala si jambo la kungoja sana, na hisabu yake ni nyepesi. Karatasi zetu za Kenya huandika majina matatu: la mtoto, la babake, la babuye. Tuchukue mzee aliyezaliwa mwaka 1930 akaitwa Fumo. Mwanawe, wa mwaka 1960, analibeba katika nafasi ya pili. Mjukuu, wa mwaka 1990, analo nafasi ya tatu, mwisho wa mstari. Mtoto wa huyo mjukuu, aliyezaliwa mwaka 2020, hana nafasi ya nne. Isipokuwa wale wachache waliolifanya jina la ukoo, watoto wanaoingia darasa la kwanza hivi sasa ndio wa mwanzo katika nyumba hizo kuandikwa bila ya Fumo mahali popote.